Nauza Saa ya Kuzamia

Jumamosi, 1 Novemba

Nimeamua. Nauza moja. Moja tu!

Mazoon alikuwa anakunja nguo nilipomwambia. Akaacha kukunja. Akaniuliza ipi. Nikamwambia ile ya kuzamia, ya bluu. Akauliza ipi kati ya za bluu. Kuna maswali mke hapaswi kumuuliza mumewe.

Sababu ni shangazi yake, Bi Khawla, aliyeko Unguja. Ndiye aliyemlea Mazoon na kaka yake Humam mama yao alipofariki. Kila wakizungumza kwa simu, Bi Khawla huuliza jambo moja: mnakuja lini? Leo ameuliza kwa sauti ndogo kuliko siku zote. Mazoon alipokata simu hakulia. Kenda kupanga kabati ambalo lilikwisha pangwa. Nikashindwa kuvumilia. Nikasema saa ikiuzwa tu, tiketi mbili, Desemba tuko Unguja. Akanitazama kama anavyoyatazama maziwa yaliyosahauliwa nje ya friji.

Nimekaa majilisi, chumba cha wageni, nimezipanga saa zangu zote mezani. Nzito, nzuri, zinang'aa. Zote ni za wazamiaji, zote zinaweza kushuka baharini mahali ambapo mwanadamu angepasuka. Mimi binafsi sijui kuogelea. Hilo halihusiani. Jirani yangu ana gari la kupandia majabali na huenda nalo kwa kinyozi.

Jumapili, 2 Novemba

Nimetia tangazo katika kundi la wapenda saa wa Maskati. Nikaandika kistaarabu: saa safi, sanduku lake lipo, karatasi zake zipo. Nikaiweka simu kifudifudi nifanye kazi ya serikali. Nikaigeuza. Hakuna kitu. Nikaiweka tena. Nikaigeuza. Bosi akaniuliza kama nina mgonjwa hospitali.

Hadi adhuhuri, jibu moja. La Humam, shemegi yangu. Kidole gumba tu! Humam ana saa kama yangu hii hii. Aliinunua wiki ile ile niliyonunua mimi, baada ya kuiona mkononi mwangu, halafu akawaambia watu eti mimi ndiye niliyemuiga. Mtu wa namna hiyo.

Nimefika nyumbani nimekula nimesimama. Mazoon kaniambia nikae. Sikuweza.

Jumatatu, 3 Novemba

Mteja! Anaitwa Bashayer, daktari wa meno, mkusanyaji mkubwa wa saa. Kaandika kwa adabu. Ameuliza jambo moja: saa hii imewahi kuingia majini?

Nikafikiri sana. Kweli yenyewe ni kwamba sijawahi hata kunawa nayo mikono. Huivua nikitia udhu. Lakini nani anataka saa ya kuzamia isiyojua bahari? Ni sawa na kununua jogoo asiyewika. Nikaona hapa ndipo mauzo yanapopatikana au kupotea. Nikamjibu: imeingia majini? Bibi wee, imekulia majini! Qantab, Qurayyat, mapangoni, penye papa. Nimezama nayo miaka yote.

Akajibu: asante, samahani kwa usumbufu.

Basi! Wakusanyaji wengine ni kupoteza wakati wa watu tu.

Lakini nimepata fikra. Tangazo langu limekosa uhai. Nimelichukua lile tangi la samaki aliloliacha binti yetu Jumana alipokwenda chuoni Nizwa, nikaisimamisha saa nyuma ya kioo, nje, pakavu, nikapiga picha kupitia majini. Nambi, msichana wetu wa kazi kutoka Uganda, ndiye aliyenishikia taa. Akaniuliza, "Bosi, si uiweke tu ndani ya maji?" Nikamwambia amepata wazimu? Itaharibika! Akatazama saa, akanitazama mimi, akainua taa.

Picha imetoka ajabu. Chini yake nikaandika: Saa ya mzamiaji hasa. Imeyaona yaliyofichwa na bahari. Mwenyewe anastaafu kuzama.

Jumanne, 4 Novemba

Kundi zima limeamka. Mioyo, vidole, makofi. Kisha Humam akaandika mbele ya watu wote: "Shemegi, huyo samaki wa dhahabu uliyepiga naye picha, ulimkuta kina gani?"

Wakacheka. Watu wazima, wengine wana wajukuu! Nikajibu kwamba bahari ina mambo mengi. Wakacheka zaidi.

Lakini alasiri, alhamdulillahi, ujumbe wa faragha. Kijana anaitwa Safwan. Ni mwalimu wa uzamiaji. Bibi yake alitoka Unguja, kwa hiyo anaandika Kiswahili, ila nusu yake Kiarabu na nusu nyingine makosa. Ananiita ami, kama ndugu wa baba yake. Anasema hadithi yangu imemgusa moyo. Anaitaka saa. Anaomba tukutane kesho.

Nimezunguka uani hadi Mazoon akasema nitatoboa sakafu.

Jumatano, 5 Novemba

Tumekutana kwenye mkahawa wa karak, chai ya maziwa na iliki, hapa Bawshar. Kijana ana mabega kama mlango. Nimemtajia bei, kakubali kabla hajakaa vizuri. Hapo hapo nikajua nimetaja ndogo. Nikaumia.

Akaivaa saa. Akaizungusha ile pete ya juu, tik, tik, tik, akitabasamu kama mtoto. Akaniuliza maswali. Mkondo wa Qurayyat ukoje siku hizi? Nikasema si kama zamani. Natumia mtungi gani wa hewa? Nikasema wa kawaida, mimi si mtu wa makuu. Huwa nakaa chini muda gani? Nikasema hadi nichoke. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Halafu akaitoa mkononi, akanirudishia.

"Ami, mimi siitaki hapa juu ya meza," alisema. "Saa kama hii haipokelewi mkahawani. Jumamosi twende Qantab, tuzame wote mara ya mwisho. Unipe kule kule majini, mkono kwa mkono. Hapo nakulipa, wallahi, na picha nnaitundika ofisini kwangu."

Nikasema inshallah. Niliisema kwa ile sauti ambayo kila Muomani anajua maana yake ni hapana. Yeye akasikia ndiyo. Akanikumbatia.

Alhamisi, 6 Novemba

Sikio! Nitasema sikio. Daktari amenikataza kuzama. Nitabaki mashuani, nitakabidhi saa hapo hapo, kila mtu atafurahi. Fikra nzuri sana. Nimeshangaa sikuipata jana.

Hata hivyo, kwa tahadhari, nimetazama video za kuogelea. Nimelala kifudifudi kwenye kochi nikapiga miguu. Si kazi ngumu kama watu wanavyosema. Kisha nikajaza beseni la kunawia nikatia uso kujifunza kubana pumzi. Nambi akapita na ufagio, akapiga ukelele, akanivuta kola akidhani nimezimia. Shati limechanika.

Mazoon hakucheka. Alikuwa na simu sikioni, uso wote umefunguka. Alikuwa keshamwambia Bi Khawla! Desemba! Kabla hata saa haijauzwa! Bi Khawla kalia, kisha akaanza kuuliza kama mimi bado nakula pweza, kitanda kipi kitolewe ghalani, na nani atakwenda kutupokea uwanja wa ndege. Niliisikia sauti yake kutoka upande wa pili wa chumba. Haikuwa ndogo tena.

Mazoon alipokata simu akaja akanisawazisha kola iliyochanika. Hajanigusa hivyo siku nyingi.

Sasa siwezi kurudi nyuma.

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya sala tumekula kwa Humam. Nilikuwa nimepanga kumwambia Mazoon faragha kwamba kesho asijisumbue, ni biashara ya wanaume. Kabla sijafungua mdomo, Humam akasema kwamba dada yake kamwambia habari ya Qantab, na yeye anakuja. Hawezi kukosa kumuona shemegi yake akizama. Ameichaji simu kabisa ili apige video. Mazoon akasema na yeye anakuja, tena atapika sambusa.

Humam yuko mtulivu mno. Hajanichokoza kuhusu bei hata mara moja. Nilipomuuliza saa yake iko wapi, mbona mkono mtupu, akasema ipo mahali pazuri. Mtu akiwa mtulivu namna ile kuna kitu anaficha. Nimerudi nyumbani na kiungulia.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika nikiwa nimejifunika mablanketi mawili.

Tulishuka ile barabara ya Qantab asubuhi. Safwan alikuwa keshafika, na mashua ya mvuvi mmoja wa pale, na suti ya mpira ameniletea. Kuingia ndani ya ile suti, nisiseme. Humam alivuta mbele, Safwan alisukuma nyuma. Zipu ilipofunga sikuweza kuinama wala kumeza mate.

Tukatoka hadi karibu na majabali. Maji ya kijani, unaona hadi chini, na ndiyo yanatisha zaidi. Nikaweka mkono sikioni, nikatoa hotuba yangu ya daktari. Nzuri, ya huzuni. Safwan akasikitika kweli kweli. Akasema basi hakuna kuzama.

Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Mapema mno.

"Tutaogelea juu juu tu, ami," akasema. "Mzamiaji kama wewe, hapa si bafuni kwako?"

Akajitupa majini. Akawa ananingoja, amenyoosha mkono. Humam ameinua simu. Mazoon ameshika bakuli la sambusa, ananiangalia.

Nikatazama saa. Imesimama! Tangu Jumatano ilikuwa imekaa sandukuni. Haiwezekani kumkabidhi mtu saa iliyosimama, ni aibu. Nikakizungusha kile kifundo cha pembeni kinachozuia maji, nikakivuta nje, nikaanza kuisahihisha. Na kusema kweli nilikuwa napoteza wakati. Safwan akaita. Humam akasema, "Shemegi, samaki wa dhahabu anakungoja." Hapo damu ikanipanda. Nikashika kamba ya nanga, nikashuka.

Mpango ulikuwa kutoiachia kamba. Mpango mzuri. Lakini Safwan alitaka nimpe mkono, na mkono wenye saa ndio uliokuwa na kamba.

Nikaachia.

Yaliyofuata nayakumbuka vipande vipande. Maji puani. Mbingu, kisha hakuna mbingu. Nilipiga miguu kama kwenye kochi na haikuwa sawa na kwenye kochi. Nilimsikia Safwan anacheka, anadhani nafanya mzaha. Mzamiaji mkongwe! Nilitaka kumwambia kwamba si mzaha, nikanywa maji. Wakati ule sikufikiria saa. Nilimfikiria Jumana, na kwamba hakuna anayejua kulisha wale samaki wake ila mimi.

Kisha mshindo. Mkono ukanishika kola ya suti kwa nyuma, uso wangu ukatoka nje.

"Lala chali, Baba Jumana," sauti ikasema sikioni mwangu. "Usinishike mimi. Lala tu. Nimekushika."

Mazoon! Na abaya yake, na kila kitu! Ananivuta taratibu kuelekea mashuani, anapumua vizuri kabisa, kama mtu anayesukuma kigari cha sokoni. Nikamuuliza, huku natema bahari, tangu lini anajua kuogelea. Akasema anakwenda bwawa la wanawake mwaka wa pili sasa, kila Jumanne, na ameniambia. Ameniambia mezani, ameniambia garini. Kila akiniambia, mimi nasema vizuri, huku natazama simu.

Safwan na mvuvi walinipandisha kama jodari. Humam alikuwa amekaa chini, mweupe. Simu yake ilikuwa imeanguka ndani ya bakuli la sambusa. Hakupiga video yoyote.

Nikainua mkono kuitazama saa. Ukungu ndani ya kioo. Tone moja la maji linatembea chini ya mishale. Kifundo kiko nje, kama nilivyokiacha.

Mvuvi akageuza mashua, tukarudi pwani.

Jumapili, 9 Novemba

Sikwenda kazini. Mazoon hazungumzi. Si kwa hasira ninayoijua, ya milango na sufuria. Ananiletea chai ya tangawizi, anaondoka.

Safwan kaja kunijulia hali, maskini, na matunda mkononi. Ananihurumia. Ni vibaya zaidi kuliko angenitukana. Aliniuliza kwa upole kama nimewahi kuzama hata siku moja. Nikasema inategemea kuzama maana yake nini. Akasema ami, jana nilikuwa nacheka, na wewe unakufa. Machozi yalikuwa karibu kumtoka. Nikatazama zulia.

Kisha kaja Humam. Nikajiandaa. Lakini hakuja kucheka. Akatoa bahasha, akampa Mazoon. Tiketi mbili za Unguja! Yake na ya Mazoon. Akasema naye amelelewa na Bi Khawla, na anaona haya kwamba amengoja hadi dada yake aombe.

Nikamuuliza pesa katoa wapi.

Kauza saa. Ile ile, pacha ya yangu! Kamuuzia Bashayer, Alhamisi. Bashayer alikuwa anatafuta saa ya kuzamia ambayo haijawahi kugusa maji hata tone, hizo ndizo wakusanyaji wanazolipia vizuri. Alianza kuuliza kwangu kwa sababu yangu ilionekana safi zaidi. Nikamjibu imekulia majini. Basi akaenda kwa Humam. Humam kamwambia kweli: haijawahi kuloa. Kaiuza kwa dakika mbili na kikombe cha kahawa.

Nilikuwa na saa kavu kuliko zote Maskati! Kavu kama jangwa! Nikaisingizia bahari, kisha nikaipeleka baharini kuisadikisha.

Humam alipoondoka, Mazoon akakaa mbele yangu.

"Nilidhani nitarudi Bawshar na saa, bila ya wewe," alisema. "Shangazi nilikuwa nimwambie nini? Kwamba umekufa kwa sababu uliona haya?"

Nilitaka kusema kitu kuhusu kile kifundo, nikaona si wakati wake.

Jumatatu, 10 Novemba

Mazoon kaniomba simu. Nikampa. Kafungua kundi la saa, kaandika mwenyewe, kwa jina langu, bila ya kuniuliza:

"Nauza saa ya kuzamia. Imeingia majini mara moja, pamoja na mwenyewe, na wote wawili waliingia maji. Mwenyewe hajui kuogelea. Samaki wa dhahabu ni wa binti yetu. Saa inahitaji fundi."

Nikafunika uso kwa mto. Aibu ya dunia! Nikangoja kicheko. Walicheka, ndiyo. Lakini kicheko kingine. Mmoja akaandika kwamba ana saa ya rubani na anaogopa lifti. Mwingine ana ya mbio za magari, na leseni amefeli mara tatu. Watu wakaanza kukiri mmoja mmoja, kundi zima. Nikainua mto.

Kisha Safwan. Anaitaka bado. Ana fundi wake, itapona. Atanilipa kwa hali yake ilivyo, na nimeona inatosha tiketi ya tatu. Sharti lake moja: mwezi ujao nikirudi, anifunze kuogelea, bure.

Mazoon akasoma ujumbe. Akacheka! Akasema basi na mimi nakwenda Unguja. Akanishika mkono. Mkono mtupu, bila ya saa. Nikamwambia, na nilisema kutoka moyoni, kwamba nimejifunza. Kweli tupu kuanzia leo. Hakuna tena kujitia nisiyekuwa.

Nimelala alasiri kama mtoto mchanga.

Jumatano, 12 Novemba

Safwan kaleta pesa jana. Mazoon kaniambia nikitoka kazini nipite kwa wakala nikate tiketi yangu, nafasi zinakwisha. Nikasema natoka kazini moja kwa moja.

Nilikuwa natoka moja kwa moja.

Ila yule bwana wa kundini, anayeogopa lifti, ile saa yake ya rubani anaiuza. Nimesema nipite niitazame tu, nyumba yake iko njiani. Si njiani hasa. Nyeusi, namba kubwa, mkanda wa ngozi. Nikafikiri: tunakwenda Unguja kwa ndege. Saa gani nyingine mtu angevaa? Ni karibu lazima.

Tatizo ni kwamba na mwengine anaitaka, na mwenye nayo anasema angependa iende kwa mtu anayestahiki. Akaniuliza kama nina uhusiano wowote na urubani.

Nikatazama ile saa. Nikasema, kwa unyenyekevu, kwamba nilirusha kidogo ujanani.

Akafurahi mno! Kumbe shemegi yake ana ndege ndogo. Ijumaa wanatoka nayo, na kiti kimoja kipo wazi, mbele, penye usukani. Nikasema inshallah.

Mazoon ananiita kutoka jikoni, anauliza kama tiketi nimekata. Nimemwambia karibu. Sasa natafuta sababu ya Ijumaa. Sikio halifai, limekwisha tumika. Nafikiria goti.